Union Berlin walijimaliza wenyewe kuhama Alte Försterei kwenda Olympiastadion kwenye UEFA. Tujadili

#1 KipaWaAkiba
Wakuu habari za jioni. Hili jambo linaniuma tangu 2023, leo acha nilitoe.

Union Berlin msimu wa 2022/23 wamemaliza wa nne Bundesliga, wakaingia UEFA, yaani Ligi ya Mabingwa Ulaya, kwa mara ya kwanza katika historia yao. Uwanja wao Alte Försterei uko Köpenick pembeni ya msitu, unabeba watu 22,012 na karibu wote wanasimama, viti ni kama 3,600 tu. Ukicheza pale mashabiki wanakupumulia shingoni. Msimu huohuo Ajax alikwenda pale kwenye Europa, Februari 2023, akala 3-1.

Sasa ilipofika zamu ya mashindano makubwa kabisa, viongozi wakaamua mechi za nyumbani zipigwe Olympiastadion, nyumba ya Hertha, timu nyingine ya Berlin, watu kama elfu 74. Matokeo mnayajua. Braga 2-3, Napoli 0-1, Madrid 2-3. Mechi tatu za "nyumbani", vipigo vitatu. Na zile pointi mbili walizopata kundi zima wamezipata ugenini, sare Napoli na sare Braga!

Timu ndogo ina silaha moja tu, uwanja wake. Wao wameiacha kabatini wakaenda vitani mikono mitupu. Nasimama hapo, anayepinga aje na hoja.

#2 Mtoto wa Temeke
Mkuu hawakuwa na ujanja, UEFA hawaruhusu watu kusimama. Uwanja wa viti 3,600 unachezaje na Madrid? Walikatazwa, hakuna cha kujadili hapa.

#3 MsemaKweli77
#2 unachanganya misimu. Hiyo ya kukatazwa ni 2021/22, walipokuwa Conference League. Kipindi hicho UEFA ilikuwa viti tu, kwa hiyo Maccabi Haifa, Slavia Praha na Feyenoord wote walipokelewa Olympiastadion. Kuanzia 2022 UEFA wakaanza majaribio ya kuruhusu majukwaa ya kusimama, Ujerumani ikiwemo, ndo maana Europa ya 2022/23 ilichezwa Alte Försterei kwenyewe. Na 2023 majaribio yakaendelea. Kwa hiyo KipaWaAkiba yuko sahihi kwenye hilo, ule wa 2023 ulikuwa uamuzi wa klabu.

#4 Mtoto wa Temeke
Sawa mkuu nimekusoma, 2021 hiyo. Ahsante kwa kunyoosha.

#5 Dada wa Spandau
Habari zenu. Mimi naishi Berlin, na mechi ya Napoli nilikuwepo, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Mnaongelea uwanja kama vile klabu ni wachezaji 11 peke yao. Union ina wanachama zaidi ya elfu 60. Uwanja ni elfu 22, ukitoa tiketi za msimu na za wageni kinachobaki ni kidogo mno, watu wanashiriki bahati nasibu mwezi hadi mwezi hawapati. Klabu ilisema wazi kwamba wanataka wanachama wengi kadri inavyowezekana waone, kwa sababu hakuna aliyejua kama itatokea tena. Na hawa wanachama si wa kununua jezi tu. 2008 uwanja ulipokuwa unaoza na pesa hakuna, mashabiki zaidi ya 2,000 wamekwenda wenyewe na koleo na mabero, wamefanya kazi za kujitolea kama saa 140,000 mpaka ukafunguliwa upya Julai 2009. Huyu mtu aliyebeba zege kwa mikono yake, siku timu yake inacheza na Real Madrid unamwambia akaangalie kwenye runinga?

Usafiri nao si shida kama watu wanavyofikiri, treni ya S3 inatoka Köpenick inapita mjini inafika Olympiastadion bila kubadilisha. Siku ile mabehewa yalikuwa mekundu tupu, wazee, watoto, watu wanaimba kuanzia mashariki mpaka magharibi ya mji.

#6 KipaWaAkiba
Dada ahsante sana kwa ushuhuda, sikujua hiyo ya S3. Ila umenisaidia mimi. Walijenga uwanja kwa mikono yao alafu siku ya harusi wanafanyia sherehe kwa jirani!

#7 Nyundo ya Chuma
Tatizo ni TARTAN. Olympiastadion ina njia ya riadha imezunguka uwanja mzima, yan shabiki wa kwanza yuko mbali na mstari, kelele zinapotelea hewani. Alte Försterei winga akienda kurusha mpira anasikia mpaka mtu anavyokohoa nyuma yake. Timu pinzani ikienda kwenye uwanja wa tartan inacheza kwa raha zake kama iko mazoezini. Hata Hertha wenyewe miaka yote wanalilia kujengewa uwanja wao usio na tartan. Mbungi imeishia hapo wakuu.

#8 Mpemba Halisi
Ewe Nyundo, kwani pale kwa Mkapa hamna tartan? Na mbona tunaambiwa kila siku kwa Mkapa hatoki mtu? Waarabu wangapi wamekuja pale wakarudi kwao vichwa chini na hiyo tartan ipo palepale inazunguka. Tafuta sababu nyingine.

#9 Nyundo ya Chuma
Mpemba kwa Mkapa kuna joto la saa kumi jioni linalomsaidia mwenyeji, Berlin mwezi wa 12 joto liko wapi

#10 Kamau wa Kasarani
Wasee mnazunguka tu. Angalieni matokeo ya ligi ya hiyo autumn yao. Union walikuwa wanachapwa kila mahali, hata huko kwenye huo msitu wao. Leipzig alienda Alte Försterei mwezi wa 9 akaweka 3-0. Hoffenheim akaenda akaweka 2-0. Stuttgart mwezi wa 10 akaweka 3-0. Hizo zote ni home kabisa, mashabiki wamesimama, hakuna tartan, na bado wakapigwa. Tarehe 15 Novemba kocha Urs Fischer akaondoka baada ya miaka mitano ya kazi safi. Timu ilikuwa imevunjika ndani, ata ungewapeleka wapi wangepoteza tu.

#11 MsemaKweli77
Naunga mkono #10 kwa sehemu. Na tuongeze hili, Alte Försterei nayo si ya miujiza. Europa ya 2022/23 mechi ya kwanza kabisa pale walifungwa 1-0 na wale ndugu zao wa Ubelgiji, Union Saint-Gilloise, na walipokutana tena hatua ya 16 bora wakatoka 3-3 palepale. Tunakumbuka Ajax tu kwa sababu ni tamu.

#12 KipaWaAkiba
Kamau hoja yako nzito naikubali, timu ilikuwa chini. Lakini hebu tuangalie mechi zenyewe zilivyokwenda. Na Braga, Union wako mbele 2-0, Sheraldo Becker kaweka zote mbili ndani ya dakika 40. Wakarudishwa, dakika ya 94 Castro anapiga la tatu. Na Madrid, Rönnow anadaka penati ya Modrić, Volland anafunga kabla ya mapumziko, mnaongoza mbele ya MADRID, Joselu anarudisha mbili, Král anasawazisha dakika ya 85, na dakika ya 89 Ceballos anamaliza. Hizi si mechi za timu iliyokufa. Hizi ni mechi zinazoamuliwa na vitu vidogo vidogo vya dakika za mwisho, na hapo ndipo uwanja wako unakubeba. Dakika ya 90 miguu imeisha, anayekusukuma ni yule mtu aliyesimama mita tatu kutoka kwako.

#13 MsemaKweli77
Sawa, lakini Bernabéu pia walifungwa dakika ya 94, Bellingham, 1-0. Ile ilikuwa ugenini. Castro 94, Bellingham 94, Ceballos 89. Mimi naona uchovu na ugeni wa mashindano, kikosi hakijazoea kucheza Jumanne na Jumamosi kwa kiwango hicho, mwisho wa mchezo akili inalala sekunde mbili tu na hao wakubwa hizo mbili zinawatosha. Haina uhusiano na uwanja.

#14 Kopite wa Kinondoni
Naombeni niingie na kesi yangu. Februari 2021, Leipzig na Liverpool yetu. Leipzig ndo mwenyeji, mechi ikapigwa Puskás Aréna, Budapest, Hungaria! Nakumbuka nilikuwa kibanda umiza, jamaa mmoja akabisha kwamba mechi iko Ujerumani, tukabishana mpaka mpira unaanza. Tulishinda 2-0, Salah na Mane. Marudiano tarehe 10 Machi, safari hii sisi ndo wenyeji, ikapigwa tena Budapest, tena 2-0, tena Salah na Mane. Uwanja ule ule, matokeo yale yale, wafungaji wale wale. Sasa hapo nani alikuwa nyumbani?

#15 Mtoto wa Temeke
Hii naikumbuka ila sikuwahi kuelewa kwa nini Budapest. Ujerumani ina viwanja vizuri kuliko nchi zote, wamekosa pa kucheza?

#16 Babu Bundesliga
Mtoto wa Temeke, ilikuwa korona. Uingereza kulikuwa na ile aina mpya ya kirusi, serikali ya Ujerumani ikafunga mlango kwa wanaotoka huko, na wachezaji hawakupewa msamaha. Kwa hiyo shida haikuwa uwanja, shida ilikuwa mpaka. Popote ndani ya Ujerumani Liverpool wasingeingia. Na kanuni za UEFA za kipindi kile zilimbana mwenyeji, kama huwezi kumpokea mgeni lazima utafute uwanja nchi nyingine, ukishindwa unahesabiwa umefungwa 3-0. Ndiyo maana Leipzig walikimbilia Budapest. Mönchengladbach nao wakafuata, Manchester City aliwakuta Budapest mechi zote mbili, akawapiga 2-0 na 2-0.

Na kumbukeni wakati huo goli la ugenini bado lilikuwa na uzito wake, lilikuja kufutwa msimu uliofuata. Kwa hiyo mnacheza uwanja mmoja mechi mbili, lakini goli la mmoja linaitwa la ugenini na la mwingine la nyumbani. Mimi hilo lilinisumbua sana moyoni.

#17 Kopite wa Kinondoni
Babu shikamoo. Kwa hiyo ile 2-0 ya kwanza yote yalikuwa magoli ya ugenini, mjini Budapest. Leo ndo nimeelewa.

#18 Babu Bundesliga
Marahaba mjukuu. Sasa kwa kuwa nimeshaingia, niwape mfano ambao kwangu ndio mkubwa kuliko wote, maana unazikata hoja za pande zote mbili. Msimu wa 2008/09, Hoffenheim na Leverkusen.

Hoffenheim ni kijiji cha watu kama elfu tatu, wamepanda Bundesliga kwa mara ya kwanza na uwanja wao mpya pale Sinsheim haujaisha. Wakaazima Carl-Benz-Stadion ya Mannheim kwa nusu msimu. Rangnick kocha, Ibišević, Demba Ba na Mnaijeria Obasi mbele. Wageni kabisa, kwenye uwanja wa watu, na wakawa wanaua kila anayefika. Dortmund alikula 4-1 pale. Krismasi inafika wanaongoza ligi, juu ya Bayern! Januari 2009 wakaingia kwao Sinsheim, uwanja mpya wa watu elfu 30, wakawapiga Cottbus 2-0 siku ya kwanza, na baada ya hapo wakakaa zaidi ya mechi kumi bila kushinda. Wakamaliza wa saba.

Leverkusen kinyume chake. Nusu ya kwanza wako kwao, wanatisha, mpaka kileleni waligusa. Januari BayArena inafungwa ipanuliwe kutoka kama 22,500 kwenda 30,210, wanahamia Düsseldorf, si mbali, kama kilomita 30 hivi. Ligi ikawaharibikia, wakamaliza wa tisa na kocha Labbadia akaondoka. Lakini nusu fainali ya kombe palepale Düsseldorf walimpiga Mainz 4-1 baada ya muda wa nyongeza!

Msimu mmoja, ligi moja. Mmoja kahama nyumbani akafa, mwingine kafika nyumbani akafa. Elezeni.

#19 Nyundo ya Chuma
Babu umetuweza. Hiyo ya Düsseldorf haina tartan na wakapotea, ngoja nikae kimya kidogo.

#20 Kamau wa Kasarani
Hoffenheim si ni Ibišević aliumia? Alikuwa na magoli 18 kwa mechi 17, alafu January kwa training camp goti likakatika, msimu ukaisha. Hapo si uwanja, ni striker. Ukitoa mtu wa magoli 18 ata Bayern ingeanguka.

#21 Babu Bundesliga
Kweli Kamau, hilo halipingiki. Lakini Leverkusen hawakupoteza mtu wa namna hiyo, na bado.

#22 Fundi Nyasi
Salaam wakuu. Mimi kazi yangu ni kutunza viwanja, na naona wote mnaongelea mashabiki tu, hakuna anayeongelea NYASI. Mchezaji anaujua uwanja wake kwa miguu. Anajua pembe ile mpira unadunda chini, anajua kwenye kivuli cha jukwaa nyasi zinateleza, anajua wakimwagilia maji kabla ya mechi pasi inakimbia kiasi gani. Ukimhamisha anaanza upya. Mfano mzuri ni kipa, kipa akihama uwanja anachukua mechi kadhaa kuzoea lile eneo lake na taa zake. Alafu ukiazima uwanja wa mtu nyasi zinachezewa na timu mbili, Ujerumani kuanzia Novemba jua hakuna, nyasi hazikui, wanaweka taa maalumu za kuzipa mwanga na chini kuna mabomba ya kupasha joto udongo usigande. Mwenye uwanja anapokubali kukupa anakuwa ameshapiga hesabu ya nyasi zake, na wengi wanakataa kwa sababu hiyohiyo.

Kesi yenyewe ni hii. Agosti 2022, Teutonia Ottensen, timu ya daraja la nne kutoka Hamburg, kapangiwa Leipzig kwenye kombe la Ujerumani. Uwanja anaochezea una nyasi bandia, kwenye kombe haziruhusiwi. Hamburg yote akakosa pa kucheza, akaenda kupata Dessau, mamia ya kilomita kutoka kwao, tena jirani kabisa na Leipzig. Siku chache kabla ya mechi watu wasiojulikana wakaingia usiku wakamwaga sumu kwenye nyasi za Dessau. Uwanja ukaharibika. Mwisho mechi ikahamia Leipzig kwenyewe, mwenyeji akawa mgeni, akala 8-0.

Nilipoona picha za zile nyasi nilishindwa kula siku hiyo, nasema kweli. Mtu anayelea nyasi miezi na miezi anajua.

#23 Mtoto wa Temeke
Fundi pole, hii ndo naisikia leo. Na kwa nini wamwage sumu?

#24 Fundi Nyasi
Leipzig hawapendwi na mashabiki wengi kule kwa ajili ya ile kampuni ya kinywaji iliyo nyuma yao, kwa hiyo watu walihisi ni hasira hizo. Lakini waliofanya hawajulikani, mimi siwezi kumtaja mtu.

#25 Kamau wa Kasarani
Hiyo ya Teutonia imenikumbusha sisi. June 2024 Harambee Stars tulicheza home games zetu Lilongwe, Malawi, kwa sababu hakuna stadium yetu ilikuwa imepita. Tukacheza na Burundi 1-1, na Burundi nao kwao hawakuwa na uwanja. Mwenyeji hana nyumba na mgeni hana nyumba, tumekutana kwa watu. Siku nne baadaye Ivory Coast, mabingwa wa Afrika, 0-0 hapo hapo. Niliumia sana bana, mtu wa Kasarani anataka kuona Ivory Coast na hawezi.

#26 Mpemba Halisi
Na Simba Mei 2025? Fainali ya Shirikisho marudiano na Berkane, ikahamishwa kutoka kwa Mkapa ikaletwa kwetu Amaan. Kutoka uwanja wa watu elfu 60 kuja wa elfu 15. 1-1, kombe likaenda Moroko. Tuliwapokea vizuri mno Unguja, lakini nawaonea huruma waliokuwa wameshapanga safari ya Dar.

#27 Nyundo ya Chuma
Mpemba usitukumbushe, mi mnyama damu. Ila tulishafungwa 2-0 kule kwao, na ile mechi tukaongoza. Elfu 60 wangekuwepo ningekuwa nahesabu nyota nyingine sasa hivi.

#28 Mpemba Halisi
Sasa umeshahamia upande wa KipaWaAkiba bila kujijua 😂

#29 KipaWaAkiba
Karibu Nyundo, nafasi ipo. Wakuu turudi Berlin lakini. Ila kesi ya Simba iangalieni vizuri, wao walipungukiwa watu, Union waliongeza watu, na wote hawakushinda. Kwa hiyo idadi peke yake haisemi kitu.

#30 Babu Bundesliga
Ipo nyingine imeniijia. 2011 Düsseldorf waliandaa yale mashindano makubwa ya nyimbo ya Ulaya, Eurovision, ndani ya uwanja wa Fortuna. Maandalizi yanachukua wiki nyingi na ligi daraja la pili haijaisha. Wangeweza kuwapeleka mji wa jirani. Wao wakaamua kujenga uwanja wa muda wa watu kama elfu 20 pembeni palepale, kwenye kiwanja kidogo, kwa majukwaa ya chuma ya kuunganisha. Fortuna wakamaliza msimu humo, baadaye majukwaa yakafunguliwa yakaondoka. Shabiki ameteremka kituo kilekile, bia kapata mahali palepale. Mimi huwa nasema kama pesa ipo hii ndiyo njia bora.

#31 MsemaKweli77
Babu hiyo inawezekana kwa wenye pesa na eneo. Tazama wasio nazo. KFC Uerdingen ya Krefeld, uwanja wao Grotenburg umechakaa haukidhi daraja la tatu. 2018/19 wakacheza Duisburg, kisha Düsseldorf, baadaye Lotte, ambako ni safari ndefu kweli. Misimu mitatu miji mitatu. Shabiki wa Krefeld kwa miaka mitatu kila mechi kwake ni ugenini. Baada ya hapo klabu ikaporomoka mpaka madaraja ya chini, ingawa pale kulikuwa na matatizo makubwa ya fedha pia, tusiusingizie uwanja peke yake.

#32 Fundi Nyasi
Na wapo waliong'aa uhamishoni. 1. FC Saarbrücken, uwanja wao Ludwigspark ukiwa kwenye ujenzi wakahamia Völklingen, mji wa jirani, kiwanja kidogo tu. Wako daraja la nne. Machi 2020 robo fainali ya kombe na Düsseldorf ya Bundesliga, kipa Daniel Batz kadaka penati ndani ya mchezo, na kwenye matuta kadaka nne! 7-6. Timu ya kwanza ya daraja la nne kufika nusu fainali ya kombe la Ujerumani. Alafu korona ikaingia, nusu fainali na Leverkusen mwezi wa 6 ikachezwa Völklingen majukwaa yakiwa matupu, wakafungwa 3-0. Siku kubwa kuliko zote katika maisha ya mji na hakuna hata mmoja ndani. Hiyo ndo inaniuma mimi kuliko ya Union.

#33 Kopite wa Kinondoni
Batz nimemwangalia sasa hivi mtandaoni. Penati tano mechi moja, hatari.

#34 Kamau wa Kasarani
Swali kwa Dada wa Spandau. Hertha walichukuliaje? Kwa sababu hapa Gor na AFC ukiambia mmoja aazime mwenzake nyumba kwa mechi kubwa hivyo, hapatalalika.

#35 Dada wa Spandau
Kamau, msimu ule Hertha walikuwa wameshuka daraja la pili. Fikiria, timu yako iko daraja la pili, na ndani ya nyumba yako wimbo wa UEFA unapigwa kwa ajili ya jirani wa mashariki. Kuna mwenzangu kazini ni Hertha, aliniambia wiki ya Madrid alikwepa kabisa kupita stesheni ile.

Lakini uwanja ni wa jiji, Hertha ni mpangaji. Na historia yao ni ndefu kuliko uhasama wa sasa. Wakati wa ukuta uliogawa Berlin mashariki na magharibi hawa watu walikuwa marafiki, Hertha huku na Union kule, waliimbiana wakiwa wametenganishwa na ukuta. Ukuta ulipoanguka, tarehe 27 Januari 1990, Union wakaja Olympiastadion kucheza mechi ya kirafiki na Hertha, zaidi ya watu elfu 50 walifika kwenye baridi ile. Kwa hiyo kwa wazee wa Union ule si uwanja wa jirani tu. Ni mahali walipokuja siku za kwanza kabisa za kutembea huru katika mji wao.

KipaWaAkiba hapo kwenye harusi kwa jirani ndipo ulipoikosea historia kidogo, usinichukie.

#36 KipaWaAkiba
Siwezi kukuchukia dada, umenifundisha. Hiyo ya 1990 sikuijua na inabadilisha picha. Msimamo wangu wa kiufundi uko palepale lakini. Mchezaji wa 2023 katoka Uholanzi au Denmark, hajui habari za 1990, yeye anachojua ni kwamba mashabiki wake leo wako mbali.

#37 Nyundo ya Chuma
Na pesa mmeisahau. Watu elfu 70 na ushee mara tatu, tofauti na elfu 22 mara tatu. Tusidanganyane kwamba ni mapenzi ya wanachama tu.

#38 Dada wa Spandau
Pesa ipo Nyundo, sikatai. Ila klabu iliyotaka pesa tu ingeuza tiketi kwa watalii. Wanachama walipewa kwanza.

#39 Mtoto wa Temeke
Hivi na ule mpango wa kupanua Alte Försterei umefikia wapi? Nilisikia watahamia tena Olympiastadion.

#40 MsemaKweli77
Mpango upo siku nyingi, kufikisha watu kama elfu 40, na wakati wa ujenzi wangekwenda Olympiastadion. Umekuwa ukisogezwa mbele. Sasa hapo haitakuwa mechi tatu za UEFA, ni ligi nzima nyumba ya Hertha. Babu aje na Leverkusen yake.

#41 Babu Bundesliga
Leverkusen yangu ninayo mfukoni, nasubiri.

#42 Dada wa Spandau
Nimeuliza leo mchana kazini. Yule mwenzangu wa Union, baba yake ni mmoja wa waliobeba zege 2008, sasa miguu haimpeleki, kusimama dakika 90 hawezi tena. Mechi ya Madrid alikaa kwenye kiti Olympiastadion, pembeni yake mwanaye na mjukuu wake wa miaka 15, tiketi tatu za pamoja, kitu ambacho Alte Försterei hawajawahi kukipata hata siku moja. Mzee anasema ingerudiwa angechagua vilevile. Mjukuu anasema hapana, kule juu alikoketi hakuona hata sura ya Bellingham, anataka msituni, anataka kusimama.

#43 KipaWaAkiba
Huyo mjukuu mlete humu jukwaani dada, mwambie kiti chake kipo.

#44 Kamau wa Kasarani
Na mzee akae na mimi.

#45 Fundi Nyasi
Mulizeni mzee kwanza walipanda nyasi gani 2008, nataka kujua.